Nywila na Mlinzi Asiyeijua: Habari za Akaunti za Watumiaji kutoka CTSS hadi Linux

Mtu akisahau nywila yake katika kompyuta inayoendeshwa kwa mfumo wa Linux, akamwendea msimamizi na kumwuliza neno lake lilikuwa lipi, atajibiwa kwamba msimamizi halijui. Jibu hilo humshangaza mgeni, na pengine humwudhi, kwa kuwa amekwisha kuona kwamba msimamizi huyo aweza kufungua mlango wowote uliomo katika mashine: aweza kusoma faili za kila mtu, kuzifuta, kuiondoa akaunti nzima, na hata kuuzima mfumo wote. Iweje mwenye uwezo huo wote asijue neno moja la herufi nane? Tena mashine yenyewe, ambayo kila asubuhi hulipokea neno hilo au hulikataa, nayo hailijui. Jambo hili si upungufu wa kazi ya msimamizi. Lilifikiwa kwa makusudi, baada ya aibu kadhaa, katika muda wa miaka kama kumi na minane. Na taabu nyingi zimpatazo mtu leo kuhusu akaunti yake katika Linux zaweza kufuatwa nyuma hadi siku zile.

Kiswahili kina jina nywila, na wengine husema nenosiri. Jina la pili lasema kwa uwazi zaidi kwamba kitu chenyewe ni neno, na kwamba ni siri. Majina yote mawili yafaa, ijapokuwa, kama itakavyoonekana, siri ndiyo iliyochelewa kufika.

Kabla ya mwaka 1961 haja ya nywila katika kompyuta ilikuwa ndogo. Mashine ilikuwa moja, nayo ilifanya kazi ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mwenye hesabu alizitoboa kadi zake, akazipeleka kwa watumishi wa mashine, kisha akangoja saa nyingi, pengine hata siku ya pili, apate karatasi za majibu. Ikiwa alikosea nukta moja, alianza upya. Kungoja huko ndiko kulikomchokesha Fernando Corbató na wenzake katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, yaani MIT, huko Marekani. Mnamo Novemba 1961 walionyesha mfumo walioubuni, ulioitwa CTSS, ambao uliiwezesha mashine moja kuwahudumia watu wengi kwa zamu fupi mno, hata kila mmoja aliyeketi mbele ya taipureta yake iliyounganishwa kwa waya aliona kana kwamba mashine nzima ni yake peke yake.

Lakini watu wengi walipoingia katika nyumba moja, palizuka maswali mawili ambayo hayakuwapo zamani. La kwanza, faili za huyu zitatengwaje na faili za yule? La pili, muda wa mashine, ambao ulikuwa ghali sana, utagawanywaje, na itajulikanaje kwamba aliyetumia saa hizi ndiye aliyepewa? Corbató alichagua dawa iliyo rahisi kuliko zote: kila mtumiaji apewe jina na neno lake. Hakuwa akiwaogopa maadui. Watumiaji walikuwa wasomi waliojuana, wakila pamoja na kufundishana. Neno lile lilikuwa kama mlango wa chumba katika nyumba ya ndugu, ambao hufungwa kwa heshima zaidi ya hofu. Kwa sababu hiyo hakuna aliyeona ubaya katika kuyaandika maneno yote, jinsi yalivyo, ndani ya faili moja iliyowekwa katika mashine ile ile.

Haikuchukua muda. Mwaka 1962 Allan Scherr, mwanafunzi aliyekuwa akitafiti kwa ajili ya shahada ya udaktari, aliona kwamba saa alizogawiwa hazitoshi kuendesha majaribio yake. Alijua kwamba mtu aweza kuomba faili ichapwe kwa kupeleka kadi ya maombi. Basi siku ya Ijumaa usiku alipeleka kadi yenye jina na namba ya faili ya maneno, na asubuhi ya Jumamosi akaenda penye kabati la karatasi zilizochapwa, akachukua orodha yote. Tangu hapo alikuwa na saa za kutosha. Aliwagawia na wengine, na mmoja wao akaingia katika akaunti ya Robert Fano, mkuu wa maabara, akamwachia maneno ya kumtania. Scherr hakusema lolote mpaka ilipopita kama robo karne, ndipo alipokiri mbele ya wenzake wa zamani. Watu hukisimulia kisa hicho kwa kicheko, na pengine wana haki, kwa kuwa hakuna aliyedhurika sana. Hata hivyo yafaa kutazama ni nini hasa kilichoshindwa. Hakuna aliyebahatisha neno la mtu, wala hakuna mtumiaji aliyetoa siri yake. Kila mmoja alilinda neno lake vema. Aliyeshindwa kulinda ni mlinzi.

Kisa cha pili kilitokea katika mfumo huo huo katikati ya miaka ya 1960, nacho kinafundisha zaidi, kwa kuwa ndani yake hamkuwa na mwizi hata mmoja. Corbató mwenyewe alikisimulia katika hotuba aliyoitoa alipopewa Tuzo ya Turing ya mwaka 1990. Programu ya kuhariria maandishi katika CTSS ilikuwa ikitumia faili ya muda yenye jina moja tu, kwa kudhani kwamba ndani ya sehemu moja ya mfumo hatahariri ila mtu mmoja kwa wakati mmoja. Siku moja wasimamizi wawili walikuwa kazini pamoja katika sehemu yao. Mmoja alikuwa akiandika tangazo la siku, lile ambalo kila aingiaye katika mfumo huonyeshwa kwanza. Wa pili alikuwa akisahihisha faili ya nywila. Faili zao mbili za muda zikabadilishana nafasi. Kila mtu aliyeingia baada ya hapo alipokewa, badala ya tangazo, kwa orodha kamili ya majina ya wenzake na nywila zao, ikichapwa mstari kwa mstari mbele yake. Ilibidi mashine isimamishwe, na nywila zote zibadilishwe.

Mtu wa Linux wa leo aweza kukutana na kumbukumbu ya mkosi wa namna hiyo bila kujua. Akijaribu kuongeza mtumiaji mpya, huenda mfumo ukamjibu kwamba faili ya /etc/passwd haiwezi kufungwa, na kwamba ajaribu tena baadaye. Mara nyingi sababu ni kwamba programu nyingine ilikuwa ikiihariri faili ile, ikakatika katikati kwa kukosa umeme au kwa kuuawa, ikaacha nyuma faili ndogo ya kufuli iitwayo /etc/passwd.lock, au mwenzake wa /etc/shadow. Kufuli hilo lipo ili wasimamizi wawili wasiguse daftari moja kwa wakati mmoja. Dawa yake ni kuhakikisha kwanza kwamba kweli hakuna anayehariri, kisha kuiondoa faili ya kufuli. Mwenye haraka huiondoa kabla ya kuhakikisha, na hapo amejirudisha mwenyewe katika hali ya CTSS. Kwa sababu hiyo hiyo msimamizi mzoefu haifungui faili ya watumiaji kwa programu yoyote tu ya kuhariria, bali hutumia vipw, ambayo huweka kufuli kabla ya kufungua.

Jibu la kweli kwa visa vyote viwili halikutoka Massachusetts, bali Cambridge ya Uingereza. Huko, kwenye mashine iliyoitwa Titan, Roger Needham pamoja na Mike Guy walifikiri katika miaka ya 1960 kwamba ikiwa faili ya nywila haiwezi kufichwa daima, basi heri isiwe na nywila ndani yake. Ziko hesabu ambazo ni nyepesi kuzifanya kwenda mbele na ngumu mno kuzirudisha nyuma, kama vile ilivyo rahisi kusaga mahindi na vigumu kuurudisha unga uwe punje. Mtu anapochagua neno lake, mashine hulisaga, huandika unga wake, na punje huzitupa. Siku atakaporudi na kulitaja neno, mashine hulisaga tena na kulinganisha unga na unga. Kwa njia hiyo mlinzi hupata uwezo wa kumtambua mwenye neno bila yeye mwenyewe kulijua neno. Maurice Wilkes aliieleza njia hiyo katika kitabu chake juu ya mifumo ya kugawana muda kilichotoka mwaka 1968.

Hapo ndipo lilipozaliwa jibu ambalo mtumiaji aliyesahau hupewa leo. Msimamizi hawezi kumrudishia neno lake. Aweza tu kumwekea jipya. Amri ni fupi: huandika passwd na jina la mtumiaji, kisha neno la muda, na kwa kawaida huongeza sharti kwamba mtumiaji alibadilishe mara tu aingiapo. Tofauti kati ya kurudisha na kuweka upya yaonekana ndogo, lakini ina uzito kwa mtumiaji. Msimamizi akiingia kwa siri katika akaunti yake kwa kubadilisha nywila, mwenyewe atajua, maana neno lake la zamani litakataliwa. Msimamizi wa CTSS aliyeweza kulisoma neno angeweza kuingia na kutoka bila kuacha alama. Kweli, msimamizi wa Linux aweza kuzisoma faili kwa njia nyingine. Lakini hawezi kulichukua neno la mtu na kwenda nalo penginepo, kama benki au kwenye barua, ambako mtu huyo, kwa uvivu wa kibinadamu, amelitumia lile lile.

Mfumo wa Unix, ambao Linux imeurithi karibu kila kitu, ulianzwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell. Hao nao walianza pale pale walipoanzia wengine: katika toleo la kwanza nywila ziliandikwa wazi. Walipoamua kuzisaga, walitumia hesabu iliyoiga mashine ya M-209, chombo cha kufichia habari kilichotumiwa na jeshi la Marekani katika Vita Kuu ya Pili. Ilikuwa hatua njema, lakini ilikuwa na kasoro isiyotazamiwa, nayo ni wepesi. Katika makala waliyoichapisha mwezi Novemba 1979, Thompson na mwenzake Robert Morris walionyesha kwamba mashine ya PDP-11/70 iliweza kujaribu neno moja kwa milisekunde 1.25. Kwa mwendo huo, kamusi nzima ya maneno 250,000 hujaribiwa kwa muda wa dakika tano, na maneno yote yawezekanayo ya herufi ndogo sita humalizika kwa saa 107.

Na watu walichagua maneno gani? Morris na Thompson walikusanya nywila 3,289 za watumiaji waliozichagua wenyewe. Kumi na tano zilikuwa herufi moja tu. Sabini na mbili zilikuwa herufi mbili. 464 zilikuwa tatu. 477 zilikuwa nne. 706 zilikuwa herufi tano zote kubwa au zote ndogo. 605 zilikuwa herufi ndogo sita. Na nyingine 492 zilipatikana katika kamusi na orodha za majina. Jumla yake ni 2,831, yaani asilimia 86. Huenda hesabu hii ndiyo iliyo muhimu kuliko zote katika historia ya nywila, maana ilihamisha lawama. Scherr alikuwa amemwonyesha mlinzi mzembe. Sasa alionekana mtumiaji ambaye, hata akipewa mlinzi mwema, humkabidhi neno ambalo mtoto aweza kulibahatisha.

Dawa yao ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, waliiacha hesabu nyepesi wakachukua DES, wakairudia mara 25, ili kila jaribio liwe la polepole. Kwa mtu aingiaye mara moja asubuhi ucheleweshaji huo haujulikani. Kwa mwizi anayejaribu maneno laki mbili ni mzigo. Pili, waliongeza kile walichokiita chumvi: namba ya biti 12, yenye sura 4,096, ichaguliwayo nywila inapowekwa, ikachanganywa na neno kabla ya kusagwa. Watu wawili wenye neno moja hupata unga tofauti, na mwizi hawezi kusaga kamusi yake mara moja akaitumia kwa wote.

Lakini njia hiyo ilikuwa na mpaka ambao baadaye ulileta matatizo ya ajabu. Ilizitazama herufi nane za mwanzo tu. Zilizozidi zilitupwa kimya kimya. Mtu aliyejivunia neno la herufi kumi na mbili alikuwa, kwa kweli, na neno la nane, na kama angekosea mwishoni angepokewa vile vile. Mifumo ilipohamia kwenye hesabu mpya, msimamizi aliweza kuletewa lalamiko lisiloeleweka: mtumiaji aapa kwamba neno lake ni lile lile la miaka yote, na mashine yalikataa. Wote wawili husema kweli. Kwa miaka yote alikuwa akikosea herufi ya tisa, na mashine mpya ndiyo ya kwanza kumsikia.

Faili ya /etc/passwd ilibaki wazi kwa kila mtu kuisoma, na kulikuwa na sababu. Kila mstari wake una sehemu saba zilizotengwa kwa nukta mbili: jina, nywila, namba ya mtumiaji, namba ya kundi, maelezo ya mtu, makao yake katika diski, na programu itakayomhudumia anapoingia. Mfumo wenyewe hauyajui majina, wajua namba. Basi kila programu inayotaka kuonyesha jina la mwenye faili lazima ilisome daftari hilo. Msimamizi mgeni, kwa nia njema ya kulinda siri, pengine huifunga faili hiyo asiisome mtu ila yeye. Matokeo yake ni kichekesho cha huzuni: majina yote yageuka namba, na programu ya amri humkaribisha kila mtumiaji kwa sentensi ya Kiingereza isemayo kwamba haina jina. Dawa ni kuirudishia faili ruhusa yake ya kusomwa na wote.

Kwa kuwa daftari lilikuwa wazi, unga wa nywila nao ulikuwa wazi, na wote walitegemea kwamba kusaga kwa polepole kungetosha. Usiku wa tarehe 2 Novemba 1988 Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia katika intaneti programu iliyojinakili yenyewe kutoka mashine hata mashine. Miongoni mwa mbinu zake ilikuwa kuisoma faili ya nywila na kubahatisha: ilijaribu jina la mtumiaji, jina hilo mara mbili, jina kinyumenyume, kisha orodha ya maneno 432 iliyobebwa ndani yake, na mwisho kamusi ya mfumo. Ilifaulu kuliko alivyotazamia, na mashine kwa maelfu zikalemewa. Baadaye mahakama ilimwachilia kwa masharti ya miaka mitatu, pamoja na saa 400 za kazi ya kuwatumikia watu na faini ya dola 10,050. Kijana huyo alikuwa mwana wa Robert Morris aliyeandika ile makala ya mwaka 1979. Baba alionya jinsi watu wanavyochagua vibaya, na mwana akathibitisha onyo hilo kwa njia ambayo hakuna aliyeitaka.

Miaka ile ile ya mwisho wa 1980 ndiyo iliyoleta faili ya kivuli, /etc/shadow. Daftari la wazi likaachiwa majina na namba. Mahali pa nywila pakaandikwa herufi x tu, na unga wenyewe ukahamishiwa kwenye faili ambayo haisomwi na watumiaji wa kawaida. Linux, iliyoanzwa na Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, iliupokea utaratibu huo, na leo ndio wa kawaida.

Katika kivuli hicho ndimo yalimo majibu ya maswali mengi. Mtumiaji akikataliwa, naye ana hakika na neno lake, msimamizi hana haja ya kubahatisha. Autazame mstari wake. Alama ya mshangao mbele ya unga yaonyesha kwamba akaunti imefungwa kwa nywila: neno halikubadilika, bali limewekewa kizuizi ambacho chaondolewa kwa amri moja, na unga wa zamani hurudi kama ulivyokuwa. Nyota au mshangao mtupu pasipo unga huonyesha akaunti ambayo haikukusudiwa kuingiwa kwa nywila kamwe. Sehemu zifuatazo ni tarehe, nazo huhesabiwa kwa siku tangu tarehe 1 Januari 1970, hesabu ambayo humfanya msomaji ajikune kichwa. Ni afadhali kutumia amri ya chage, ambayo huzitafsiri. Sifuri katika tarehe ya kubadilisha nywila yamlazimisha mtu kuibadilisha aingiapo. Tarehe ya mwisho wa akaunti ikipita, hata neno lililo sahihi halifai kitu. Na ikiwa yote ni mema, yabaki kutazama sehemu ya saba ya daftari la wazi, kwani huenda programu ya kumhudumia imewekwa kuwa nologin, ambayo kazi yake yote ni kumwaga heri mtu mlangoni.

Taabu nyingine hutokana na mtumiaji mwenyewe kujaribu kubadilisha neno lake, akajibiwa kwa maneno mazito kwamba kushughulikia alama ya uthibitisho kumeshindikana. Hapa pana jambo la kustaajabisha. Faili ya kivuli ni ya root, akaunti kuu ya mfumo, wala mtumiaji hana ruhusa ya kuiandika. Ataibadilishaje nywila yake? Jibu lilitolewa na Dennis Ritchie, aliyepewa hataza kwa ajili yake mwezi Januari 1979: programu yaweza kuwekwa alama ya kwamba, yeyote aiendeshaye, itafanya kazi kwa mamlaka ya mwenye nayo. Programu ya passwd ina alama hiyo. Ikinakiliwa ovyo kutoka diski moja kwenda nyingine, alama hupotea, na hapo programu inabaki vile vile kwa sura lakini haina nguvu. Yawezekana pia diski imejaa, au imefunguliwa kwa kusomwa tu. Mambo matatu hayo yapaswa kutazamwa kabla ya kumlaumu mtu kwa kukosea kuandika.

Tangu mwaka 1995, wahandisi wa kampuni ya Sun walipotunga mpango wa vipande vya uthibitisho uitwao PAM, hukumu ya nani aingie imegawanywa kati ya vipande vingi, na Linux imeuchukua mpango huo. Faida yake ni kubwa, na hasara yake ni kwamba mashine husema neno lile lile la kukataa kwa sababu kumi mbalimbali. Kipande kimoja huhesabu makosa, na mtu akikosea mara kadhaa humfungia kwa muda. Akiendelea kujaribu kwa hasira, huenda akaurefusha muda wenyewe. Ukweli haupo mbele ya mlango bali katika daftari la matukio, ambalo katika familia ya Debian limezoeleka kuwa /var/log/auth.log, na katika ile ya Red Hat /var/log/secure, au husomwa kwa amri ya journalctl. Kunyimwa maelezo mlangoni ni kwa makusudi. Akiambiwa "jina hili halipo", mwizi amekwisha kusaidiwa nusu ya kazi.

Kusaga nako kumezidi kuwa kuzito. DES iliachwa, mwaka 1994 Poul-Henning Kamp alitumia MD5, mwaka 1999 Niels Provos na David Mazières walieleza bcrypt, ambayo ugumu wake waweza kuongezwa kadiri mashine zinavyokuwa na mbio, kisha zikaja zilizojengwa juu ya SHA, na tangu mwaka 2021 Debian na Fedora zimechukua yescrypt. Msimamizi aweza kuitambua kila moja kwa alama iliyo mwanzoni mwa unga. Lakini uzuri wa neno haukupoteza thamani. Faili ya zamani ya nywila za Unix ya BSD, ya mnamo mwaka 1980, ilipopatikana, maneno mengi ya mabingwa yalivunjwa upesi, ila la Ken Thompson lilistahimili mpaka Oktoba 2019. Lilikuwa p/q2-q4!, herufi nane kamili, nayo ni maandishi ya mchezo wa chesi: kitunda cha malkia kusogezwa hatua mbili. Thompson alituma pongezi.

Kuhusu kubadilisha nywila kila baada ya miezi michache, desturi ambayo imejaza madawati ya wasimamizi kwa watu waliosahau, Taasisi ya Viwango ya Marekani iliacha kuipendekeza mwaka 2017, na Bill Burr, aliyeandika mwongozo wa awali wa taasisi hiyo, alisema mwaka huo huo kwamba ajutia mengi aliyoyaandika. Kwa kweli sehemu za tarehe katika faili ya kivuli zimewafungia nje watu wema wengi kuliko wezi.

Yabaki mtu asiye na wa kumwendea, yaani msimamizi aliyesahau nywila ya root mwenyewe. Njia ipo, na ni ya kushtua kwa wepesi wake. Huiwasha mashine upya, huisimamisha katika programu ya kuanzisha, huongeza maneno machache ya kuiambia ianze na programu ya amri badala ya mlango wa kawaida, huifungua diski kwa kuandikwa, kisha huendesha passwd. Katika mifumo yenye SELinux huagiza pia alama za faili zipangwe upya, ama sivyo atakataliwa hata kwa neno jipya. Hakuulizwa siri yoyote. Nywila ya Linux humlinda mtu dhidi ya wale wanaokuja kupitia mlango. Haimlindi dhidi ya aliyeibeba nyumba. Anayetaka ulinzi huo huisimba diski nzima, kwa kawaida kwa LUKS, na hapo tofauti ya kurudisha na kuweka upya hutoweka: neno likipotea, wala hakuna funguo ya akiba, faili zimepotea, na hakuna msimamizi duniani wa kumsaidia.

Corbató aliishi kuyaona hayo. Mwaka 2014, akiwa na umri wa karibu miaka 88, alimwambia mwandishi wa gazeti moja la Marekani kwamba nywila zimekuwa kama jinamizi, na kwamba yeye mwenyewe, kwa kuwa hakuweza kuzikumbuka, alikuwa akiziandika katika karatasi alizozipiga taipu, zikafika kurasa tatu. Alifariki Julai 2019.